Vitenzi vya Kizulu tufundishwe kwa kupitia Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna Kizulu kinavyofundishwa kwa sisi wasemaji wa Kiswahili tunaokwenda Afrika Kusini kwa kazi au masomo. Kijitabu nilichouziwa kabla ya safari yangu ya Durban kilikuwa na orodha ndefu ya vitenzi vya kila siku vyenye maana kwa Kiingereza, kana kwamba msomaji wake hajapata kusikia lugha yoyote ya Kibantu. Niliikariri orodha hiyo kwa miezi miwili, na bado sikuweza kutunga sentensi.

Hakuna aliyenieleza kwamba sehemu kubwa ya sarufi hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni. Ukupheka ni kupika, ukubona ni kuona, na ukulala ni kulala vilevile. Mnyambuliko nao ni ndugu wa wetu: phekela ni pikia, thandana ni pendana, fundisa ni fundisha. Hata ukanushi tunaufahamu, kwa kuwa ngiyathanda, yaani napenda, hugeuka angithandi, na irabu ya mwisho huwa i kama katika sipendi.

Hata hivyo, udugu huo una mitego, nayo ndiyo inayohitaji mwalimu. Kiambishi ni-, ambacho kwetu ni mimi, kwa Kizulu ni ninyi. Siku moja katika soko la Warwick, mama muuza mahindi ya kuchemsha alinipa hindi langu, nami nikamwambia kwa heshima zote "Niyabonga", nikiamini ninamshukuru, kumbe nimemwambia kwamba ninyi mnashukuru. Alinitazama, kisha akalitamka neno polepole ili nilifuate: "Ngi-ya-bonga, bhuti," yaani kaka. Tangu siku hiyo sijalikosea.

Mtego mwingine ni kiambishi -ya-. Ngiyafunda, yaani ninasoma, hukamilisha sentensi, lakini kikitajwa kinachosomwa baada ya kitenzi, -ya- huondoka: Ngifunda isiZulu. Isitoshe, ukufunda kwa Wazulu ni kusoma au kujifunza, ilhali sisi tunaomfunda mwali tunamaanisha kumpa mafundisho. Na th ya thenga, yaani nunua, si th ya thamani, bali ni t yenye pumzi. Wazee wa Mombasa, wanaotenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyohiyo, wangeitamka bila taabu.

Kwa kuwa gazeti lako lina ukurasa wa lugha, naomba utenge safu fupi kila wiki ya kitenzi kimoja cha Kizulu, kikiwekwa kando ya kitenzi cha Kiswahili katika nafsi zote, katika kukubali na kukanusha, pamoja na sentensi mbili tatu za sokoni na nyumbani. Kitenzi cha kwanza kiwe bonga, na kianze na ngi-.

Msomaji wako,
Morogoro