Seva za akiba pekee hazitoshi

Mhariri,

Kila huduma ya mtandaoni inapozimika, wahusika hujitetea kwamba walikuwa na seva za akiba, yaani kompyuta za ziada za kuhudumia watumiaji. Hesabu yao ni kwamba seva moja ikiwa na uwezekano wa 1% wa kuanguka, zote tatu kuanguka pamoja ni mara moja katika milioni. Ni kweli, ila tu kama kila seva huanguka kivyake. Seva zenye umeme mmoja, programu moja na mlango mmoja huanguka pamoja.

Nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya wanaotegemeana, ina kipimo kizuri zaidi cha kuonyesha huduma inaitegemea seva ipi kwa kiasi gani. Chukua huduma yenye seva moja ya mlangoni inayogawa maombi, na seva mbili za kazi nyuma yake. Huduma hufanya kazi ikiwa ya mlangoni iko hai pamoja na angalau moja ya kazi. Sasa ziwashe moja moja kwa kila mpangilio unaowezekana, yaani mipangilio 6, na uandike ni ipi iliyowashwa ndipo huduma ikaanza kufanya kazi. Ya mlangoni itapata mara 4, za kazi mara 1 kila moja. Hiyo, ikigawanywa kwa mipangilio yote, ndiyo thamani ya Shapley, yaani fungu la kila seva, iliyotolewa na mwanahisabati Lloyd Shapley mwaka 1953. Ukinunua seva ya tatu ya kazi, fungu la mlangoni linapanda kutoka theluthi mbili hadi robo tatu! Fedha hiyo ingenunua seva ya pili ya mlangoni, na kila moja kati ya zote nne ingebeba robo. Seva zikifika 10, mipangilio ni 3,628,800. Hapo kompyuta ichague maelfu kadhaa kwa nasibu.

Kisha kuna maamuzi ya wachezaji, ambao hapa ni programu za wateja. Seva ikichelewa, programu ya mteja ama ingoje ama irudie ombi. Wengine wakingoja, anayerudia hutangulia. Wengine wakirudia, anayengoja huachwa. Kurudia kunamfaa kila mmoja, na kwa pamoja kunaizamisha huduma. Katika mfumo wa tabaka tatu, yaani programu tatu zinazopokezana ombi hadi kwenye hifadhidata inakotunzwa data, kila tabaka likijaribu mara 3, ombi moja huweza kuifikia hifadhidata hiyo mara 27. Hifadhidata iliyokuwa imelemewa kidogo tu humalizwa kabisa, na hata chanzo kikishatengenezwa, mafuriko ya marudio huiangusha tena.

Dawa ni kuondoa faida ya kurudia. Tabaka moja tu liruhusiwe kurudia, na marudio yasizidi, tuseme, 10% ya maombi yote. Muda wa kungoja kabla ya kurudia uongezeke maradufu, sekunde 1, 2, 4, 8, na uchanganywe na nasibu, maana wote wakingoja sawasawa watarudi kwa mpigo. Seva nayo ikatae mapema ombi ambalo mwenyewe ameshaacha kulisubiri.

Nawaomba waandishi wenu, huduma nyingine ikizimika, wasiishie kwenye idadi ya seva za akiba. Waulize ni tabaka ngapi zinarudia maombi, na kikomo cha marudio ni kipi.

Mhandisi wa mifumo ya kompyuta