Walimu wetu nao watumwe ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa Leipzig, Ujerumani, zikiwa zimebaki siku nne nirudi Moshi. Kwa muhula mzima nimekuwa mwalimu mgeni katika shule ya Kikristo hapa, nikifundisha jiografia na Kiswahili kidogo.

Wamisionari wa Kilutheri waliotumwa kutoka mji huu walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzisha makanisa na shule. Bibi yangu alijifunza kusoma katika mojawapo. Kwa hiyo jana, watoto wa darasa la tano waliposimama na kunisomea Zaburi ya 23 kwa Kiswahili, machozi yalinitoka mbele yao. Walikuwa wamejifunza kwa siri wiki mbili. Neno "mchungaji" liliwashinda kidogo, wakalirudia mpaka likakaa sawa.

Jumatatu walinipeleka Nikolaikirche, kanisa ambalo maombi yake ya amani yalitangulia maandamano makubwa ya Oktoba 1989 dhidi ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki. Mwanafunzi mmoja alinionyesha mahali babu yake aliposimama usiku wa maandamano hayo.

Mhariri, naomba dayosisi zetu zinisikie. Tunapokea vijana na walimu kutoka Ujerumani, na tunawapokea vizuri. Lakini safari za kuja huku mara nyingi ni za wachungaji na viongozi. Mtumeni na mwalimu wa darasani, hata wa shule ya msingi ya kijijini. Mimi mizigo nimeshaanza kufunga, na watoto wameniuliza nani anakuja baada yangu. Sikuwa na jibu.

Mwalimu, Moshi