Mheshimiwa Waziri, wazazi wa miaka ishirini ijayo wameshazaliwa

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Mipango

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima tunakuandikia kuhusu tarakimu moja inayorudiwa katika kila hotuba ya bajeti: asilimia ya ongezeko la watu. Ikishuka kidogo, wizara inashusha pumzi. Ikipanda, lawama zinawaangukia akina mama. Tunaomba mipango isianzie tena kwenye tarakimu hiyo, kwa sababu inaficha jambo linaloamua karibu mengine yote, nalo ni umri wa watu.

Chukua karatasi upige hesabu ndogo. Katika wilaya fulani wapo wanawake 100 wenye miaka 45 hadi 49, na kila mmoja wao amezaa watoto 6. Jumla ni watoto 600. Katika wilaya hiyohiyo wapo wasichana 250 walio chini ya miaka 5. Tuseme huduma za uzazi wa mpango zimefanikiwa kupita matarajio, na wasichana hawa watakapokua watazaa watatu watatu tu, nusu ya waliowatangulia. Jumla ni watoto 750. Uzazi umeshuka kwa nusu, na bado wodi ya wazazi imejaa kuliko zamani. Hakuna mhudumu aliyezembea hapo, wala mama aliyekaidi. Ni wingi wa wasichana waliokwisha kuzaliwa. Kiongozi asiyeijua hesabu hii ataona vitanda vimejaa, atatangaza kwamba uzazi wa mpango umeshindwa, kisha atakata fedha zake mwaka uleule zilipoanza kuzaa matunda.

China imeipitia hali hii. Uzazi wake ulishuka chini ya watoto 2.1 kwa kila mwanamke, yaani kiwango ambacho kizazi kinaziba pengo lake chenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Idadi ya watu iliendelea kupanda hadi 2021, ikaanza kupungua 2022. Ni takriban miaka 30 ya kusubiri. Dunia nzima nayo iko hivyo: kasi ya ongezeko ilifika kilele mwishoni mwa miaka ya 1960, ikiwa zaidi kidogo ya asilimia 2 kwa mwaka, na leo iko chini ya asilimia 1. Hata hivyo tulifika bilioni 7 mwaka 2011 na bilioni 8 Novemba 2022.

Chanzo cha ongezeko la watu kinaelezwa vibaya mara nyingi. Watu hawakuanza kuzaa zaidi ya babu zao. Watoto waliacha kufa. Maji safi, chanjo, chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini kwa mtoto anayeharisha, vyandarua: hivyo ndivyo vilivyoongeza watu. Vifo hutangulia kushuka na uzazi hufuata baadaye, kwa sababu wazazi hawapunguzi idadi ya watoto mpaka waone kwa macho yao kwamba watoto wanaishi. Ongezeko linatokea katika pengo hilo la katikati. Kwa hiyo anayepunguza fedha za chanjo akidhani anapunguza watu anarefusha pengo lenyewe.

Vilevile tunakusihi usikubali ushauri wa kutumia nguvu, kwa upande wowote ule. India ilifunga uzazi mamilioni ya watu katika hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, wengi kwa kulazimishwa, na huduma yenyewe ikapoteza imani ya wananchi kwa miaka mingi. Romania ilifanya kinyume: mwaka 1966 ilipiga marufuku utoaji mimba ili watu waongezeke. Mwaka 1967 vizazi vilikaribia maradufu, kisha vikaanza kushuka tena, huku wanawake wengi wakifa kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Bangladesh ilipeleka wahudumu wa kike nyumba kwa nyumba na kumwachia mama achague mwenyewe. Wastani wa uzazi ulishuka kutoka karibu watoto 7 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 3 kabla ya mwaka 2010.

Kuchagua, lakini, kunahitaji dawa iwepo kwenye rafu. Hapa tunaomba uvumilivu wako, maana ndipo mipango mingi inapovuja. Sindano ya kuzuia mimba hudungwa kila baada ya miezi 3. Kituo chenye wateja 200 wa sindano kinahitaji dozi 800 kwa mwaka, wastani wa 67 kwa mwezi. Sasa tuseme dozi zimekwisha tarehe 12, baada ya kutumika 30. Mtunza stoo anajaza kwenye fomu: matumizi ya mwezi, 30. Bohari inaleta 30 mwezi unaofuata, nazo zinaisha mapema tena. Upungufu umejizalisha wenyewe, na kwenye makaratasi unaonekana kama wateja wamepungua. Dawa ya tatizo hili ni hesabu ya mstari mmoja: dozi zilizotumika, gawa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa siku za mwezi. Yaani 30 gawa kwa 12, zidisha kwa 30, jibu 75. Jibu hilo liko karibu zaidi na haja halisi. Fomu ya kuagiza iwe na safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, na bohari irudishe fomu yoyote ambayo safu hiyo imeachwa wazi.

Vipandikizi, yaani vijiti vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, navyo vina mtego wao. Vinafanya kazi miaka 3 hadi 5, kwa hiyo takwimu za kuviweka huwa nzuri sana katika ripoti. Lakini mama anapotaka kitolewe akaambiwa mtaalamu yuko mbali, habari hiyo inafika kwa majirani zake kabla ya jioni. Anayefundishwa kuweka afundishwe na kutoa siku hiyohiyo, na kila kituo kihesabu waliokuja kutolewa wakarudi bila kuhudumiwa.

Suala la shule lina pande mbili. Msichana anayebaki sekondari huchelewa kuzaa, na kuchelewa peke yake kunapunguza kasi hata kama idadi ya watoto wake haibadiliki. Ikiwa mama wanazaa wakiwa na wastani wa miaka 20, karne moja inabeba vizazi vitano. Wastani ukiwa 25, inabeba vinne.

Upande wa pili ni madarasa. Wanafunzi 100,000 wakiongezeka kwa asilimia 3, mwakani watakuja 3,000 zaidi. Kwa watoto 45 darasani, hivyo ni vyumba 67 vipya na walimu 67 wapya, mbali na kuziba nafasi za wanaostaafu, ili hali ibaki ilivyo tu. Baada ya miaka 10 watakuwa zaidi ya 134,000. Mtoto aliyezaliwa leo anakupa notisi ya miaka sita hivi kabla ya kufika darasa la kwanza. Hiyo ni taarifa ya mapema ya kutosha, na inasikitisha kuona wilaya zikishtuka kila Januari.

Maji hayatoi notisi ya namna hiyo. Nchi huhesabiwa kuwa na uhaba ikiwa na chini ya mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko, utapata miaka ya watu kuwa maradufu. Kwa asilimia 3 ni kama miaka 23. Nchi yenye mita 2,000 kwa mtu leo itafika mpaka wa uhaba ndani ya muda huo, hata mvua isipopungua tone.

Yote haya yanategemea sensa iliyouliza umri vizuri. Watu wengi husema 30, 35, 40, na jedwali linaota vichuguu kwenye miaka inayoishia na 0 au 5. Watoto wachanga nao husahaulika, kwa kuwa mwenye nyumba anapoulizwa idadi ya watu hutaja wanaotembea. Karani aulize tarehe ya kuzaliwa kwanza, na pale isipojulikana atumie kalenda ya matukio ya eneo hilo, yaani orodha ya matukio makubwa yanayokumbukwa na miaka yake. Kabla ya kufunga dodoso aulize swali moja la ziada: kuna mtoto aliyelala ndani?

Tunaomba, Mheshimiwa, jedwali la umri na jinsia la kila wilaya, mwaka mmoja mmoja kuanzia 0, litolewe hadharani kabla ya wizara kupangiwa ukomo wa bajeti. Wizara ya Elimu isome mstari wa miaka 0 hadi 5, Wizara ya Afya isome wasichana wa miaka 10 hadi 14, na kila moja ieleze kwa maandishi imewapangia nini.

Wako watiifu,
Watumishi wa takwimu za idadi ya watu