Mwanangu, hilo goti usinifiche

Assalam alaikum mwanangu. Nakuandikia kwa sababu kwa simu nikitaja goti tu mtandao wa huko Hyderabad unaanza kukatika, na nikitaja pesa unarudi safi kabisa. Sasa hii barua haikatiki, utaisoma mpaka mwisho.

Ile filamu ya Saina Nehwal, yule mchezaji badminton wa India, uliyoning'ang'aniza niitizame nimeitizama. Mimi na babako, baada ya isha, nduguyo akatuunganishia kwa tivii. Kihindi tulikishika shika, sisi si wa jana kwa mafilamu hayo. Parineeti Chopra, aliyeigiza Saina mkubwa, amejitahidi, Mwenyezi Mungu ampe nguvu, nasikia aliumia shingo akijiandaa na hiyo kazi, na nafasi yenyewe mwanzo ilikuwa ya Shraddha Kapoor. Lakini mimi aliyenipendeza ni yule mtoto anayeigiza Saina mdogo, yule ni mchezaji wa badminton kweli, unaona tu anavyoshika raketi, hadanganyi. Na nduguyo alinionyesha ile posta waliyoitoa 2021 kabla filamu haijatoka, mkono unarusha kinyoya juu kama mtu anataka kusavu tenisi, Wahindi wenyewe wakawacheka mpaka basi. Hata mimi niliyecheza kati na kuruka kamba tu najua badminton haisaviwi hivyo, nimekaa pembeni ya ukumbi nikikungoja vya kutosha.

Najua kwa nini ulitaka niitizame. Ulitaka nimuone mamake, anavyomsukuma mtoto, anavyoamini. Haya nimemuona. Nimeona na pale Saina mdogo amekuja wa pili, amefurahi zake, mamake akamzaba kofi. Babako akageuka akanitizama mimi. Nikamwambia tizama tivii.

Sasa turudi kwa goti. Nimeambiwa, na usiende ukamgombeza aliyeniambia, kwamba asubuhi unashuka ngazi za hosteli umeshika ukuta, mguu mmoja umenyooka haukunji, na jioni ya siku hiyo hiyo uko uwanjani unaruka. Halafu mimi ukiniambia "niko poa mama". Poa gani? Mtu mzima wa miaka yako anashuka ngazi kama nyanya yako, na nyanya yako angalau anapiga kelele, watu wanajua anaumwa.

Wewe unafikiri filamu imekufunza kuvumilia. Mimi baada ya kutizama sikulala, nikaingia yutubu kutafuta huyu Saina mwenyewe, wa kweli, na kila nikifungua kitu naona magoti. Ile medali ya shaba ya London 2012 mnayoiimba, unajua alivyoipata? Alikuwa anacheza na Mchina, Wang Xin, na Mchina ndiye aliyekuwa mbele. Seti ya kwanza iko ukingoni, anaruka anashuka vibaya, goti. Akafungwa fungwa pale, akainuka, akaimaliza seti 21-18 amechukua yeye, seti ya pili akapata pointi moja tu na mguu ukakataa. Akatoka. Saina akapewa medali na yule msichana akatoka analia. Nimeirudia hiyo video sijui mara ngapi. Wote mnamtizama Saina pale, mimi namtizama yule mwingine, maana na yeye ana mama.

Na Saina naye likamfika. Rio 2016 alicheza na goti bovu, akafungwa na msichana wa Ukraine mapema kabisa, mwezi huo huo akapasuliwa. Alirudi, sikatai, 2017 akachukua mashindano ya Malaysia Masters mwezi wa kwanza tu, mwaka uliofuata akamshinda Sindhu, Mhindi mwenzake, kwenye fainali ya michezo ya Jumuiya ya Madola. Lakini yeye alikuwa na madaktari, na watu wa kumchua, na nchi nzima inamuuliza leo umeamkaje. Wewe huko una nani? Una ile barafu ya kantini. Filamu ni masaa mawili na dakika kidogo mwanangu, mtu anaumia, muziki unapigwa, mtu amepona. Wewe hilo goti ni la kwenda nalo mpaka uzee.

Hata huyo kocha wa Saina, kwenye filamu wamemwita Rajan lakini kila mtu anajua ni Gopichand wanamsema, yule aliyechukua mashindano makubwa ya badminton ya All England 2001, naye magoti yake yamepasuliwa zaidi ya mara moja. Ulinitumia picha umesimama nje ya geti la chuo chake cha badminton huko Gachibowli, umetabasamu jino la mwisho linaonekana. Nimeiweka kwa simu yangu, naifungua nikiwa kwa foleni benki. Nimeionyesha watu, sikufichi, nimewaambia mwanangu anachezea timu ya koleji India. Mama wa nyumba ya pili akaniuliza kwani alienda kusoma au kucheza, nikamjibu vyote, na nikamjibu vibaya. Lakini akishaondoka na mimi nikajiuliza swali lile lile.

Maana babake Saina alikuwa mtu wa chuo kikuu cha kilimo, alitoa pesa zake za uzeeni kumlipia mtoto mazoezi, akimpakia kwa skuta alfajiri kumpeleka uwanja wa Lal Bahadur, masafa ya kilomita ishirini na kitu, mtoto wa miaka minane anasinzia nyuma. Na mkewe alikuwa mchezaji wa jimbo la Haryana, anajua kinachouma na kisichouma. Babako alichukua mkopo wa sacco kwa ajili ya ufamasia. Sisemi uache raketi, mimi ndiye niliyekununulia ya kwanza babako akanuna wiki nzima. Nasema kama goti limevimba mwambie kocha wako, umwambie leo, kabla ya hayo mashindano yenu, usingoje mpaka yaishe. Akikutoa kwenye timu akutoe. Kwani ukikaa bechi utakufa?

Na usichuliwe na kila mwenye mikono. Kwanza piga picha ya ekisirei, pesa nitatuma, usiangalie nimezitoa wapi. Usimeze vidonge vya maumivu ukaingia uwanjani, wewe unasomea dawa, aibu ikufike mwenyewe. Na kula. Kwenye picha ya mwisho shingo imekuwa ndefu. Unasema chakula cha huko pilipili nyingi, sasa huyo aliyekuwa anakula achari na kijiko kwenye friji yangu alikuwa nani?

Kuna mtu anasafiri kwenda Bangalore mwisho wa mwezi, nitampa kachiri za muhogo, leso mbili, mafuta ya habasoda, na lile bendeji la goti la babako la mpira, alinunua la bei akalivaa mara moja likamwasha. Atakutumia kwa basi. Ukipokea niambie kama kachiri zimefika nzima.

Hapa tuko salama. Mvua imeanza na lile bati la jikoni linavuja pale pale, fundi alikuja akala chai akatizama juu akasema atarudi. Tokeni za stima zinaisha kabla ya wiki, nafikiri ni friji, babako anasema ni hizo filamu zako. Paka amezaa ndani ya kabati lako, juu ya lile dera la zambarau, sikuwatoa. Nyanya yako anakuombea kila sala, lakini yeye anajua umeenda kucheza mpira wa miguu na hatujamsahihisha.

Nataka picha ya magoti yote mawili, kando kando, mchana, si usiku na lile taa lenu la buluu. Usipotuma leo nampigia kocha wako mwenyewe, namba nimeshaipata. Nduguyo anauliza chaja ya laptopu uliiacha wapi au uliondoka nayo.

Mamako.