Risala kwa Mgeni Rasmi: Maji ya Mvua na Tope Kutoka Viwanja Vinavyojengwa Bonde la Msimbazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Serikali za Mitaa,
Walimu, wanafunzi, mafundi na wakazi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha mazingira, chenye wanachama ambao ni wakazi, mafundi ujenzi na wenye viwanja wa Kinyerezi na mitaa jirani, tunakushukuru kwa kukubali kuadhimisha nasi Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, wakati masika yamemalizika na alama zake bado zinaonekana kandokando ya barabara uliyojia. Desturi ya siku hii ni kuomba miche ya kupanda, nasi tutaipanda tukiipata. Jambo tunalolileta mbele yako, hata hivyo, ni maji ya mvua yanayotoka katika viwanja vinavyojengwa na uchafu yanaoubeba hadi mtoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unashuka kupitia maeneo yetu, unapokea vijito vya Kinyerezi, Ubungo na Sinza, kisha unapita Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi kwenye mikoko iliyo jirani na Daraja la Selander. Mafuriko yakitajwa Dar es Salaam, watu wengi hufikiria Jangwani, na wana haki, kwa kuwa ni bonde hilo lililoumia sana Desemba 2011, mwaka ambao mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayofurika Jangwani hainyeshi Jangwani. Inanyesha huku kwetu juu, ambako miaka michache iliyopita kulikuwa na mikorosho, miembe na vichaka, na sasa kuna mapaa ya bati, zege na barabara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao walihitaji nyumba, na hatuna ugomvi na ujenzi wao, kwani wengi wetu hapa tunaishi kwa ujenzi huohuo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mafundi wetu wameanza kuwafundisha wateja wao. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipokea mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu katika siku moja ya masika, linamwaga lita 6,000. Simtanki la lita 5,000 lililokuwa tupu linajaa na kumwagika siku hiyohiyo. Kiwanja cha hekta moja kikipata milimita 50 hupokea lita 500,000. Kilipokuwa na majani na mchanga wa asili, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywea ardhini na iliyobaki ikatembea polepole. Kikisakafiwa kwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, karibu yote hutoka getini kwa pamoja, na mtaro uliochimbwa kwa maji ya zamani hauwezi kuyapokea.

Wingi wa maji ni nusu tu ya shida, na kwa maoni yetu nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, yaani ubora wake. Ardhi iliyoparuliwa na greda na kuachwa wazi hupoteza udongo mara nyingi zaidi ya shamba lililolimwa, achilia mbali msitu. Tunaomba uangalie, ukiondoka, karavati lililo chini ya kona ya kuteremkia mtoni. Kwa upande wa juu limezibwa na mchanga zaidi ya nusu ya kimo chake, na juu ya mchanga huo kuna tabaka la udongo mweupe, laini kama unga, lililopasuka kwa jua. Mchanga ule haukutoka mtoni. Umetoka katika viwanja vilivyosafishwa kabla ya mvua na kuachwa hivyo, vingine hadi leo ni mapagale. Mvua ikizidi, maji hayapati njia chini ya barabara, yanapita juu yake, na watoto wa shule huvuka wakiwa wameshikana mikono.

Pamoja na udongo huja mambo mengine. Maji ya kuoshea mashine ya zege ni makali kiasi cha kuchubua mikono ya kibarua, na yakifika kijitoni huua samaki na vyura. Dizeli na oili zinazovuja kwenye mitambo husubiri mvua ya kwanza na kuondoka nayo. Chembe za udongo hubeba mbolea na madini mazito yaliyozigandia, na zikifika baharini hutuama juu ya nyasi za bahari na mizizi ya mikoko. Tukiongeza tabia ya baadhi yetu ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, maji yanayofika kwa ndugu zetu wa bondeni ni maji ya kuambukiza kipindupindu. Hilo ni letu sisi wakazi, na tunalisema mbele yako bila kumsukumia mtu mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dawa ya mambo haya inajulikana, na nyingi yake ni ya gharama ndogo. Ya kwanza kwa umuhimu ni kutofyeka kiwanja chote kwa mara moja. Fundi anayejenga upande mmoja hana sababu ya kuacha upande mwingine uchi miezi sita. Tunalisisitiza hili kwa sababu ya namna udongo unavyozama majini. Chembe ya mchanga mwembamba huzama mita moja kwa muda wa dakika mbili hivi, kwa hiyo shimo dogo la kutuamishia tope huikamata. Lakini chembe ya udongo mfinyanzi, kama huu mweupe wa Pugu, huhitaji siku tatu au zaidi kuzama kina hichohicho katika maji yaliyotulia kabisa. Hakuna shimo la kiwanjani litakaloyashikilia maji ya masika kwa siku tatu. Udongo huo ukishaondoka umeondoka, na njia ya uhakika ni kuuzuia usinyanyuke, kwa kuacha majani, kutandaza nyasi kavu, na kupanda ukoka mara tu eneo linapokamilika.

Baada ya hapo ndipo makingamaji, viroba vya mchanga na uzio wa kitambaa cha kuchuja tope vinapokuwa na maana. Uzio huo tumeuona ukisimamishwa kwa ajili ya picha, ukiwa haukufukiwa chini, na maji yakipita chini yake kama haupo. Ncha yake ya chini inatakiwa kuzikwa angalau sentimita 15. Mlango wa magari uwekewe kokoto kubwa ili malori yasitoke na tope kwenye matairi. Mashine ya zege ioshewe kwenye shimo lililotandikwa turubai la plastiki, na pipa la dizeli liwe ndani ya kizingo, yaani ukuta mfupi wa kuzuia mafuta yakivuja.

Nyumba ikikamilika, maji ya paa yaende kwenye tangi, na ziada yake iingie kwenye shimo la kunywea lililojazwa mawe. Mchanga wetu wa juu unayapokea vizuri. Hatushauri shimo hilo lichimbwe kila mahali, kwani maeneo ya chini kama Jangwani maji ya ardhini yako karibu mno, na hata huku juu halifai likiwa jirani na choo, kisima, au ukingo wa korongo ambao unaweza kuporomoka.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Pengo tunaloliona ni nyumba ya mtu mmoja kwenye kiwanja chake. Hiyo peke yake haifiki kwenye tathmini, lakini nyumba mia moja zikijengwa mteremko mmoja kwa mwaka mmoja ni mradi mkubwa usio na msimamizi. Mkaguzi akija, huja msingi ukiwa umeshamwagwa, kuangalia nondo na mipaka, na tope likiwa limeshateremka.

Kwa hiyo tunaomba kupitia kwako kwamba kila ombi la kibali cha ujenzi katika bonde hili liambatane na karatasi moja inayoonyesha maji ya mvua yatatoka kiwanjani kupitia wapi, yatashikiliwaje, na udongo utafunikwa lini. Na kwamba ukaguzi wa kwanza ufanyike kabla ya kufyeka, hasa Februari na Septemba, mvua za masika na vuli zinapokaribia. Serikali kwa ushirikiano na Benki ya Dunia inatekeleza Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao unahusisha kupanua mto na kujenga daraja la juu zaidi Jangwani. Tunaupokea kwa moyo wote. Lakini mto uliopanuliwa utajaa mchanga tena ikiwa viwanja vya juu vitaendelea kuumwaga, na gharama ya kuuzoa itarudi kila mwaka kwa mlipakodi yuleyule.

Kwa upande wetu, mafundi wanachama wako tayari kuwafundisha wenzao bila malipo namna ya kuchimba mashimo ya kunywea, na kikundi kitazibua karavati tulilolitaja kabla ya vuli. Tunaloomba halmashauri itusaidie ni lori moja la kubebea mchanga huo, na mahali halali pa kuumwaga ili usirudi mtoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.