Barua kwa Vijana Wangu wa Kisahani: Nyundo Isubiri

Wanangu,

Juzi nilikaa pembeni mwa uwanja nikawatazama mkipasha misuli kwa mchezo wenu wa kurushiana kisahani, frisbee. Kila mmoja alikuwa akirusha nyundo, ule mrusho wa juu ya kichwa, kisahani kinapinduka hewani na kushuka kwa mbwembwe. Nilifurahi, sikatai. Mechi ilipoanza, mkabaji, yule mlinzi anayesimama mbele ya mrushaji, akaufunga upande mmoja tu, na mrushaji wetu akabaki amekishika kisahani kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Mkabaji akamhesabia: sita, saba, nane… kikatupwa ovyo, kikaanguka.

Mirusho mnayo mingi, lakini yote inatokea mahali pamoja: kiunoni, mkono umekunjwa vilevile. Mkabaji mwenye macho anaweka kiganja hapo, kazi imekwisha. Heri muwe na mirusho miwili tu, mkono wa nyuma, unaoanza mkono umevuka mwili, na mkono wa mbele, unaotoka upande uleule wa mkono unaorusha, ila kila mmoja muweze kuutoa chini karibu na nyasi, kiunoni, na juu ya bega. Hapo tayari mna sita, na bado hatujagusa habari ya kukiinamisha kisahani.

Mkono wa mbele ndio unaowasumbua zaidi. Kisahani kina gramu 175 tu. Hakihitaji bega, kinahitaji mzunguko, na mzunguko unatoka kwenye kifundo cha mkono. Ninyi mnatupa kwa bega zima, kiganja kinageuka chini, ukingo wa nje, ule ulio mbali na mwili, unanyanyuka, na kwa mtu wa mkono wa kulia kisahani kinakwenda kushoto hadi kinajizika. Kiwiko kikae karibu na ubavu. Kidole cha kati kibane ukingo kwa ndani. Kiganja kitazame juu mpaka kisahani kimeondoka, na ukingo wa nje ushuke kidogo. Pigeni magoti mrushiane hivyo mita kumi. Aliyepiga magoti hana miguu ya kumwokoa, kwa hiyo kifundo kitafanya kazi kipende kisipende. (Msilalamikie magoti yenu mbele yangu, yangu mnayajua.)

Kisha simameni watatu: mmoja arushe, mmoja amkabe na kuhesabu hadi kumi kwa sauti, mmoja apokee. Ukisharusha, kimbilia kumkaba uliyemrushia. Mguu wa egemeo, ule uliosimamia, usinyanyuke, lakini ule mwingine uende mbali, mbali kuliko mnavyopenda. Mhadaini mkabaji juu, kisahani mkitoe chini. Lakini hadaa iwe ya kweli, macho na bega viamini. Hizo mnazofanya sasa hazimdanganyi hata mwenzenu anayetaka kudanganyika.

Siku ya upepo msijifungie ndani. Upepo wa usoni unakiinua kisahani ambacho pua yake, yaani ukingo wa mbele, imeelekea juu, kinasimama hewani kama tiara na kila mtu anakingoja. Shusheni pua, ongezeni mzunguko, msiongeze nguvu.

Nyundo ina kazi yake: walinzi wakijipanga kwa kanda, kila mmoja akilinda eneo lake badala ya mtu, na kuziba njia za chini, ndiyo inayowavuka. Tutaifikia. Mazoezi yajayo nitawahi kuliko ninyi, na nikimkuta mtu anaanzia nayo, nitamkaba mimi mwenyewe, na fimbo yangu mkononi.

Mzee wenu wa pembeni