Usimkabidhi Funguo Kabla Hatujaonana

Tanga, 4 Desemba 2025

Ndugu yangu Rashidi,

Assalamu alaikum. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika darasa la sita. Uniwie radhi kwamba salamu zitaishia hapo, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi na ningependa kulifikia jambo lenyewe kabla umeme haujakatika.

Umeniandikia kwamba umechoka, kwamba tangu mtoto azaliwe hujapata hata saa moja ya kuketi mbele ya kompyuta, na kwamba yule bwana wa mtandaoni, ambaye kwa miezi minane amekuwa akikutumia viraka vizuri vya msimbo, yaani marekebisho madogo ya maandishi ya programu, ameomba umpe mamlaka kamili juu ya programu yetu ya hesabu za VICOBA, ili aweze kutoa matoleo mapya bila kupitia kwako. Ukamalizia kwa kusema kwamba utamkabidhi Jumapili upumzike. Naomba usimkabidhi, ndugu yangu. Walau si Jumapili hii, na si kwa sababu ya uchovu. (Nimesema programu "yetu", nawe utacheka, kwa kuwa mkono wangu ndani yake ni tafsiri ya menyu na ile nembo ya kibubu ambayo Mama Zuhura alidhani ni boga.)

Unaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 29 Machi 2024, katikati ya Ramadhani, ulipofuturu kwetu ukaziacha tambi zikapoa kwa sababu ulikuwa umeinamia simu ukisoma habari ya xz, ile programu iliyotiwa sumu? Mimi wakati ule nilisikiliza kwa sikio moja. Jana nimeisoma upya tangu mwanzo wake, na kila nilipofika kwenye jina la mtunzaji wake, Lasse Collin, macho yangu yalisoma jina lako.

Unaijua kuliko mimi, lakini nivumilie niisimulie kama nilivyoielewa. Collin, raia wa Finland, ameitunza kwa miaka mingi, karibu peke yake na bila malipo, xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, na ambayo imo ndani ya karibu kila mfumo wa kompyuta wa Linux duniani. Mwishoni mwa mwaka 2021 akatokea mtu anayejiita Jia Tan, akaanza kumletea viraka. Vilikuwa viraka vya kweli, vyenye manufaa. Mwaka 2022 zikaanza kusikika sauti nyingine, Jigar Kumar mmoja na Dennis Ens mmoja, watu wasiokuwa na historia yoyote kabla ya hapo, wakilalamika hadharani kwamba viraka vinakaa miezi bila kupokelewa, kwamba mtunzaji amepoteza hamu, kwamba kama hawezi basi awaachie wengine. Mwezi wa Juni Collin aliwajibu kwa upole kwamba uwezo wake umepungua, hasa kwa sababu ya maradhi ya muda mrefu ya nafsi, akawakumbusha kwamba ile ni kazi ya mapenzi tu isiyo na ujira, na akasema huenda Jia Tan akapewa nafasi kubwa zaidi. Kabla mwaka ule haujaisha, Jia Tan alikuwa anaingiza msimbo kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu hakufanya ubaya wowote uliogundulika kwa zaidi ya mwaka. Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Mwizi gani humpa kuku mtama kila asubuhi, miaka miwili na zaidi, kabla ya kumshika? Alitoa matoleo, alijibu maswali ya watu, akaiweka hata anwani yake mahali ambapo ripoti za hitilafu zilikuwa zinafikia. Tarehe 24 Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na wiki mbili baadaye 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia.

Namna alivyouficha inanifanya nimwogope na kumstahi kwa pamoja, Mungu anisamehe. Programu ya kubana mafaili hupimwa kwa kupewa mafaili mabovu, ili ionekane kama inajua kuyakataa. Basi yeye akaleta mafaili ya majaribio, mengine yakijulikana tangu jina kuwa yameharibika, na sumu akaitia humo. Nani huchambua dagaa waliooza? Na kile kipande kidogo cha kuiamsha sumu hiyo hakuwahi kukiweka kwenye ghala la msimbo ambalo kila mtu hulitazama, bali alikitia katika furushi la toleo peke yake, lile ambalo watengenezaji wa mifumo ya Linux kama Debian na Fedora hulichukua na kulijenga. Kwa kuwa mifumo kadhaa ya Linux wakati ule ilikuwa ikiiunganisha huduma ya ssh, ile ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na systemd nayo ilikuwa ikiiita maktaba ya xz, msimbo wa kubana mafaili ukajikuta umekaa kwenye kizingiti cha lango ambalo wasimamizi wa seva hupitia. Mwenye ufunguo wake wa siri angeweza kuamrisha seva ifanye atakalo, na wengine wote wasione kitu.

Kilichotuokoa ni nusu sekunde. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni miongoni mwa waandishi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, alikuwa anapima kasi ya jambo jingine kabisa, akaona kuingia kwa ssh kunachukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula nguvu ya kompyuta bila sababu, akakataa kulipuuza. Matoleo yale yalikuwa yamefika kwenye mifumo ya majaribio ya Debian na Fedora na mingine michache. Mifumo ya kudumu, ambayo seva za benki na hospitali huitegemea, ilikuwa bado haijafikiwa. Hadi leo hakuna anayejua Jia Tan ni nani, kama ni mtu mmoja au ofisi nzima. Walipokagua saa zilizoandikwa kwenye kazi zake, nyingi zilionyesha Asia ya Mashariki, na chache zikaponyoka zikaonyesha saa tatu mbele ya Greenwich, yaani saa zetu hizi hizi, jambo lililomfanya Shaabani aseme kwamba labda ni kijana wa Ngamiani. Yeye hufanya mzaha katika kila kitu.

Sasa nirudi kwako. Sisemi kwamba yule bwana wako ni Jia Tan. Hakuna serikali yoyote itakayopoteza miaka miwili kuwinda daftari la hisa za akina mama wa Pangani. Lakini tusijidanganye kwamba sisi ni wadogo mno kuonekana. Mle ndani mna majina kamili, namba za simu, nani amekopa kiasi gani na siku gani fedha zinagawanywa; tapeli wa simu angeitoa mali yake yote apate orodha kama hiyo. Na tangu uweke ile huduma ya programu kujisasisha yenyewe, toleo linalotolewa saa mbili usiku linakuwa kwenye simu ya mhazini kabla hajalala. Ukimpa mtu uwezo wa kutoa matoleo, umempa mlango wa vikundi vyote 37 kwa mkupuo mmoja, na wenye fedha hawakuulizwa.

Kuna kisa kingine, cha 2018, ambacho ni kifupi na kinafanana nawe zaidi. Dominic Tarr wa New Zealand alikuwa na kijiprogramu kiitwacho event-stream, alichokiandika zamani na ambacho yeye mwenyewe alikuwa hakitumii tena, ingawa wengine walikuwa wanakipakua kwa mamilioni. Mtu asiyemjua akamwandikia kwamba angependa kukitunza, naye akampa, maana alikuwa hapati chochote kutokana nacho. Mtu yule akapachika ndani yake kitu cha kuiba sarafu za kidijitali kutoka kwenye pochi iitwayo Copay. Watu walimrukia Tarr kwa maneno makali, na mimi nilipoyasoma nilijiuliza ni nani kati yao aliyewahi kumtumia hata senti ya chai.

Hapo ndipo ninapofika pale ninapoona haya, na pengine barua nzima niliiandika ili nifike hapa. Mwezi wa Julai, siku ile ripoti ya kufunga mzunguko ilipogoma mbele ya akina mama wa Chumbageni, na mwenyekiti akaniuliza mbele ya kikundi kama hizo ndizo kompyuta tulizowaahidi, nilikasirika nikakuandikia pale palipo wazi kwa kila mtu, kwamba programu imesuswa na kwamba kama mwenyewe hana nafasi basi awaachie wenye nafasi. Hukunijibu neno, uliirekebisha usiku ule ule, na mkeo alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Siku mbili baadaye yule bwana akaandika chini ya maneno yangu kwamba yuko tayari kubeba mzigo zaidi. Sikumjua wala hakunijua, lakini nikiyasoma leo naona ni mimi niliyempangia njia. Jigar Kumar wako ni mimi, Rashidi. Yule wa Collin yamkini alikuwa jina la kubuni tu; wako ana miguu, na umewahi kumpikia ugali.

Nisamehe kwa hilo. Nilitaka kulisema kwa simu nikashindwa.

Basi nimefikiri hivi, nawe utaona kama yafaa. Yule bwana aendelee kutuma viraka na tumshukuru kwa jina, ila toleo lisitoke mpaka watu wawili wanaofahamiana uso kwa uso wameusoma msimbo na kuridhia, na furushi la toleo lijengwe kutoka kwenye ghala lile lile ambalo kila mtu analiona, si kutoka kwenye kompyuta ya mtu. Mtu wa pili niwe mimi. Najua msimbo wangu ni wa kuchechemea, lakini kusoma kwa makini naweza, nami sina mtoto mchanga. Malalamiko ya watumiaji nayo niletewe mimi, uyaondoe kabisa kwenye simu yako. Akiwa mtu mwema, na huenda ni mwema kuliko mimi, hatakasirika kusubiri. Akianza kukuharakisha, hapo tutakuwa tumejifunza kitu.

Tena kuna jambo la fedha, ambalo kila mara tukilitaja tunaangalia pembeni. Ujerumani serikali imeanzisha mfuko wa kuwalipa watu wanaotunza programu huria ambazo wengine wanazitegemea. Sisi tuna programu ya kuhesabu michango ambayo yenyewe haijawahi kupata mchango. Nimezungumza na Mama Zuhura, na amesema kikundi chake hakitashindwa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wakikubali hata nusu ya vikundi, gharama ya seva haitatoka tena mfukoni mwako, na kitabaki cha bando. Si ujira, nalijua hilo.

Na baruapepe yako uichunge. Septemba mwaka huu mtunzaji mmoja mzoefu wa maktaba za lugha ya kompyuta ya JavaScript aliletewa barua iliyofanana kabisa na ya npm, ghala ambako maktaba hizo hupakuliwa, ikimtaka asasishe uthibitisho wake wa hatua mbili. Akabonyeza, na vifurushi 18 vinavyopakuliwa mara zaidi ya bilioni 2 kwa wiki vikatiwa sumu kwa saa kadhaa. Mtu huyo hakuwa mzembe, alikuwa na kazi nyingi tu. Wewe unasoma barua zako saa tisa za usiku ukiwa na mtoto begani.

Nitapanda basi tarehe 19 nije Mwanza, panapo majaliwa, tukae siku mbili tuyapange haya. Nitalala sebuleni, msihangaike.

Lakini kabla sijafika, nijibu haya. Umewahi kuisikia sauti ya yule bwana, hata mara moja? Amewahi kukuambia anaishi wapi, au kila ukiuliza anarudi kwenye msimbo? Aliomba kutoa matoleo kabla au baada ya wewe kumweleza habari ya mtoto? Kuna mtu mwingine aliyekuandikia akimsifu, na kama yupo, huyo naye unamfahamu? Ufunguo wa kutia saini matoleo bado uko kwenye ile kompyuta yako mpakato ya zamani, au ulishaupeleka kwingine? Mwalimu Kombo umemshauri? Na mtoto mmempa jina la babu yake, au mkeo ameshinda? Analala usiku? Wewe je, unalala?

Nijibu kabla ya Jumapili, hata kwa neno moja.

Nduguyo,
Bakari

N.B. Ile ripoti ya kufunga mzunguko bado inawahesabu mara mbili wanachama waliohama kikundi. Silalamiki. Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe na nimekutumia viraka vitatu jana usiku. Ukipata nafasi viangalie, na usivipokee kabla hujavisoma.